Jinsi ya Kuunda Kilabu Bila Kuamka Asubuhi Ukiwa Mbia

Panda matatu Kitale asubuhi, upite Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ushuke Bungoma. Njiani utakutana na neno "kilabu" mara tatu, na kila mara litakuwa limevaa nguo tofauti. Kitale kuna klabu yenye uwanja wa gofu, mahali ambapo mtu huingia kwa kadi ya uanachama. Ndani vijijini, ukimuuliza mtoto baba yake yuko wapi naye akajibu "yuko kilabuni", ujue wazee wamekizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Ukifika Kanduyi, klabu ni vijana wenye jezi, kocha mwenye filimbi na mpira mmoja uliotiwa viraka.

Juu ya hizo tatu ongeza vikundi vyetu: cha akina mama wa merigoraundi, cha wanabodaboda, cha matanga, cha waliosoma darasa moja. Eneo letu hili linaishi kwa vikundi. Mimi mwenyewe nilianza kuhudhuria vikao nikiwa mtoto wa kubebeshwa daftari la mama, na tangu hapo nimeona mengi. Nimeona kundi likinunua viti vya plastiki kwa vigelegele, kisha likivigawana mbele ya askari. Watu wale hawakuwa wezi. Shida yao ilikuwa moja: nusu waliamini wako katika chama cha kusaidiana, nusu waliamini wako katika biashara, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwongozo huu ni wa kuuliza mapema. Ufuate hatua kwa hatua, na ikiwezekana usomwe kwa sauti kikaoni kabla chai haijaletwa, maana chai ikishafika hakuna anayesikiliza sheria.

Hatua ya 1: Ulizeni "tunatafuta nini hapa?"

Sheria tuliyorithi kutoka Uingereza hueleza klabu kuwa muungano wa watu walioshikana kwa ajili ya kujumuika, michezo, siasa, sanaa, elimu au jambo lolote jingine halali, isipokuwa kutafuta faida. Sasa itazame Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2012. Inasema ubia ni uhusiano uliopo kati ya watu wanaoendesha biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida.

Neno "faida" limesimama mlangoni mwa nyumba zote mbili. Nyumba ya kwanza inalifukuza, ya pili inalivutia kiti. Tofauti nyingine zote mtakazozisoma hapa chini ni watoto na wajukuu wa neno hilo.

Chukua mfano wa viti. Watu 12 wa Matisi wanachanga, wananunua viti 100 na hema, ili mmoja wao akifiwa asihangaike. Hiyo ni klabu, hata kama hawajui. Siku moja jirani asiye mwanachama anaomba kukodi, analipa, na pesa zinanunua viti vya kuziba pengo la vilivyovunjika. Bado ni klabu. Mwaka wa tatu wanaweka bango barabarani, wanaajiri kijana wa mkokoteni, wanakodisha kila Jumamosi, na Desemba wanagawana kilichobaki. Hapo wamevuka mto. Hakuna aliyepiga kura wala kutia sahihi, lakini wanachokifanya ni biashara ya pamoja kwa nia ya faida, na kugawana faida ni ushahidi wa mwanzo mbele ya hakimu kwamba watu ni wabia.

Hatua ya 2: Msiutegemee mhuri

Wapo wanaodhani wakichonga mhuri wenye neno "Self-Help Group", basi wamekuwa kikundi cha kujisaidia milele. Mhuri hauamui. Mahakama inasoma matendo: pesa ziliingia vipi, zilitoka vipi, nani alikuwa na mamlaka ya kumwahidi nani. Mkiwa na mwenendo wa ubia, mtahukumiwa kama wabia hata kama kwenye mhuri mmechora mikono miwili ikisalimiana.

Merigoraundi ya kawaida, ambayo leo nachangia na wiki ijayo napokea, haina biashara ndani yake. Kila mtu hurudishiwa jasho lake mwenyewe, ila kwa zamu. Kumiliki kitu pamoja nako hakutoshi kuwafanya watu wabia. Ndugu wawili wanaomiliki ng'ombe mmoja kwa ajili ya maziwa ya nyumbani ni ndugu wenye ng'ombe. Ubia huanza ng'ombe anapogeuzwa biashara.

Hatua ya 3: Tafuteni mwenye chungu

Kilabu cha busaa kinafundisha jambo ambalo vitabu vya sheria hulieleza kwa kurasa nyingi. Ingia, tazama chungu, kisha uliza: chungu hiki ni cha nani?

Ikiwa wanywaji wenyewe walichanga mtama na wimbi, wakampa mama mmoja awapikie, basi chungu ni chao. Ikiwa mama ndiye aliyenunua nafaka na anauza kwa mkebe, wale wamekaa katika biashara ya mama, hata wakijiita wanachama na hata wakikaa kwenye kiti kilekile miaka 20. Sheria hutenganisha klabu ya wanachama na klabu ya mwenye mali, na sheria yetu ya zamani ya leseni za vileo, Sura 121, ilikuwa na leseni tofauti kwa kila moja.

Waingereza walilipima hili mwaka 1882 katika kesi ya Graff dhidi ya Evans. Meneja wa Klabu ya Grosvenor alishtakiwa kwa kumuuzia mwanachama kinywaji bila leseni ya kuuza rejareja. Mahakama ikasema haikuwa biashara ya kuuziana, kwa sababu mwanachama alikuwa mmoja wa wenye pombe ile tangu mwanzo, naye alitoa pesa akachukua kilicho chake pamoja na wenzake. Mzee wa Chwele anayekataa kuambiwa "unauziwa" na kikundi chake mwenyewe angeielewa hukumu hiyo bila wakili. Asiitumie tu kama leseni: leo pombe ina sheria yake ya mwaka 2010, na kesi ya 1882 haimzuii chifu kubisha hodi.

Hatua ya 4: Jueni nani atalipa deni

Fika hapa taratibu, maana hii ndiyo hatua inayotenganisha usingizi mzuri na mbaya.

Katika ubia, kila mbia ni wakala wa wenzake. Mmoja akienda Kitale mjini akachukua mbolea kwa mkopo kwa ajili ya biashara yenu, katika shughuli za kawaida za biashara hiyo, amewafunga nyote. Deni likishindikana, mwenye duka anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote, na kwa kawaida atamfuata mwenye ng'ombe wengi. Aliyelipa ndiye atakayebaki akiwatafuta wenzake wamrudishie sehemu zao. Ndiyo maana wazee walisema ukitaka kumjua mtu, shirikiana naye katika mali.

Katika klabu hali ni nyingine. Mwaka 1836, katika kesi ya Flemyng dhidi ya Hector, mfanyabiashara aliyekuwa akiidai klabu moja ya Westminster alimshika mwanachama mmoja amlipe. Mahakama ilikataa. Wanachama walikuwa wametoa ada zao ili kamati itumie pesa hizo. Hawakuwa wameipa kamati ruhusa ya kukopa kwa majina yao. Mwaka 1903 Baraza la Mfalme kule London, katika rufaa iliyotoka New South Wales, Australia, Wise dhidi ya Perpetual Trustee, lilikaza fundo hilo: watu hujiunga na klabu wakijua kwamba wajibu wao wa pesa unaishia kwenye kiingilio na ada, isipokuwa kanuni za klabu ziseme vingine.

Usiseme haya ni ya Wazungu wa kale. Sheria yetu ya Mahakama, Sura 8, ilipokea kanuni za sheria ya Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Kesi ya 1836 iko ndani ya mzigo huo, na za baadaye mawakili wetu huzitaja kama hoja za kumshawishi hakimu.

Basi deni la klabu humwangukia nani? Humwangukia aliyeagiza na kamati iliyomtuma. Wafugaji wa kuku wa Kwanza na Kimilili wanisikilize vizuri. Mwaka 1943, katika kesi ya Bradley Egg Farm dhidi ya Clifford, chama cha wafuga kuku cha Lancashire kilimtuma mfanyakazi wake kuwapima kuku wa mkulima. Kazi ilifanywa kwa uzembe, kuku wakafa. Chama chenyewe hakikuwa mtu mbele ya sheria, na wanachama wa kawaida hawakuhusika. Waliowajibishwa ni wajumbe wa baraza kuu la chama, wao wenyewe, kwa mifuko yao.

Kwa hiyo ukichaguliwa mwenyekiti na watu wakakupigia makofi, pokea makofi, kisha uombe katiba. Soma kama inasema kwamba kiongozi aliyefanya kazi kwa nia njema na kwa idhini ya kikao atarudishiwa gharama zake kutoka kwenye mfuko wa kikundi. Kama haisemi, omba iandikwe kabla hujaagiza hata kreti moja ya soda.

Hatua ya 5: Hesabuni vichwa, kisha mjiandikishe

Sheria ya Vyama, Sura 108, inatumika tangu 1968, na inahusu karibu kila muungano wa watu 10 au zaidi, klabu zikiwemo. Muungano wa namna hiyo usiosajiliwa wala kusamehewa usajili ni chama haramu, na kuwa mwanachama wake ni kosa. Ushirika, kampuni zilizosajiliwa na vyama vya wafanyakazi vina sheria zao, na biashara ya pamoja yenye watu wasiozidi 20 nayo imewekwa nje.

Wapi mjiandikishe? Kikundi cha kijijini cha kujisaidia kina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na mlango wake ni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Klabu ya mpira inakwenda kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Chama cha kijamii au cha dini kinakwenda kwa Msajili wa Vyama. Kubisha mlango usio wenu ni kupoteza nauli.

Watu wa Bungoma hawahitaji kuambiwa kwamba cheti kina uzito. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mchezaji aliyeiwakilisha Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, kabla hajawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948. Uhuru ulipofika ikaruhusiwa, 1964, kisha ikapigwa marufuku tena 1968. Watu walewale, nyimbo zilezile: leo halali, kesho haramu. Katiba ya 2010 imetuwekea ngao katika Ibara ya 36. Usajili hauwezi kukataliwa wala kufutwa bila sababu ya haki, na lazima msikilizwe kabla haujafutwa. Ngao hiyo ina thamani kwa kundi lililojiandikisha na kutunza karatasi zake.

Hatua ya 6: Andikeni mlango wa kutokea

Kila katiba ya kikundi niliyowahi kuisoma inaeleza vizuri namna ya kuingia. Chache zinaeleza namna ya kutoka, na ugomvi wote huzaliwa hapo.

Mwanachama wa klabu akiondoka, huondoka na afya yake. Haendi na kiti kimoja wala robo ya hema. Aliyekaa miaka 10 na aliyekaa miezi miwili wanatoka mikono mitupu, kwa sababu mali ilikuwa ya kutumiwa na waliomo. Mbia akiondoka, ana haki ya hesabu: mali ithaminiwe, madeni yatolewe, fungu lake lijulikane. Kifo nacho hutofautiana. Klabu humzika mwanachama wake na kuendelea na kikao cha Jumapili. Ubia, kwa kanuni ya kale, huweza kuvunjika mbia mmoja akifa, isipokuwa mkataba wao useme utaendelea.

Kwa hiyo andikeni mambo haya kwa lugha ambayo mama mweka hazina ataisoma bila mkalimani: anayeondoka anapewa nini au hapewi kitu, anayefukuzwa ataelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea, kikundi kikivunjika mali iende wapi, kamati inaweza kutumia kiasi gani bila kurudi kikaoni, na je, ina ruhusa ya kukopa. Mambo matano, ukurasa mmoja wa daftari.

Hatua ya 7: Msiweke shamba kwenye jina la mzee mmoja

Trans Nzoia ni kaunti ya mashamba, na hadithi yake baada ya uhuru ni hadithi ya watu waliochanga kupitia kampuni, ushirika na makundi ili kununua mashamba ya walowezi waliokuwa wanaondoka. Palipokuwa na karatasi safi, watoto wana hati. Palipokuwa na kuaminiana peke yake, wajukuu wana kesi.

Tatizo la klabu ni kwamba haina utu wa kisheria. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ililisema hilo wazi katika kesi ya Free Pentecostal Fellowship in Kenya dhidi ya Kenya Commercial Bank: chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hakiwezi kushtaki kwa jina lake, ila kupitia viongozi wake. Kundi lisilo mtu haliwezi kushika hati kama mtu anavyoishika. Ndipo vikundi huandikisha ploti kwa majina ya viongozi watatu na kwenda zao nyumbani wakiimba.

Wakiandikwa kama wamiliki wa pamoja, mmoja akifa fungu lake huhamia kwa waliobaki, hadi wa mwisho anabaki na hati yote mkononi. Wakiandikwa kila mmoja na fungu lake, fungu la marehemu huingia kwenye mirathi, na wanawe watakuja na barua ya mahakama kudai theluthi ya ploti ambayo mama zenu walichangia kwa kuuza mboga. Watoto hao hawana ubaya. Karatasi ndiyo iliyowaambia ni yao.

Dawa ipo. Teueni wadhamini, mwandike hati ya udhamini inayotamka kwamba wanaishika mali kwa niaba ya kikundi, na waombe kusajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura 164, wapate utu wa kisheria usiokufa wadhamini wanapokufa. Wakili atataka malipo. Mlipeni; kesi ya ardhi ni ghali zaidi na inarithiwa.

Hatua ya 8: Mkitaka faida, semeni mnataka faida

Faida si dhambi. Vijana watano wa Kiminini wanaonunua mashine ya kupukuchua mahindi ili wazunguke nayo msimu wa mavuno wanafanya jambo jema, na hawana haja ya kujificha nyuma ya jina la kikundi cha kusaidiana. Waandike mkataba wa ubia: nani ametoa ngapi, nani anaendesha mashine, faida inagawanywaje, hasara inagawanywaje, nani anaruhusiwa kukopa, na mmoja akitaka kuondoka atalipwa vipi. Waogopao kubeba deni lote binafsi wana njia ya ubia wenye dhima ya kikomo, chini ya sheria ya 2011, au kampuni chini ya sheria ya 2015. Wakulima wengi wanaotaka kuuza maziwa pamoja wana ushirika. Kenya Seed, iliyozaliwa papa hapa Kitale mwaka 1956, ilianza kama kampuni kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzalisha na kuuza mbegu, na jina lililingana na kazi.

Vilevile klabu ikiona biashara imenoga, si lazima ijiue. Iache hema la matanga libaki la klabu, na wanaotaka kukodisha waunde biashara yao pembeni, kwa pesa zao, daftari lao na akaunti yao. Kosa ni kuziweka pesa mbili kwenye kibuyu kimoja.

Sasa funga mwongozo, uende kikaoni. Kabla ya ajenda ya kwanza, omba nafasi, simama, na useme: "Mwenyekiti, naomba tukubaliane. Sisi ni klabu au ni wabia?" Wengine watacheka, mmoja atasema unaleta mambo ya Nairobi, na mama mweka hazina atakaa kimya kwa sababu swali hilo amelibeba moyoni muda mrefu. Subiri jibu. Likipatikana, mwambie katibu aliandike kwenye kumbukumbu za siku hiyo, kila mmoja atie sahihi, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Fanyeni hivyo kikao hiki hiki, kabla mchango wa leo haujahesabiwa.